Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Glasi ya kwanza iliganda. Ya tatu iliganda. Ya katikati ilibaki majimaji, kama ilivyomiminwa jana jioni.

Mpelelezi Mukabera aliiinamisha ile ya katikati, akaona maziwa yanakimbilia ukingoni bila uzito wowote. Akairudisha mezani.

"Rudia," alimwambia Ridhwani. "Polepole. Kesho saa sita mchana faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na mkuu wangu hataki kusikia habari za glasi."

Ridhwani, fundi wa maabara, alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Kamembe, na alipanga vitu mezani kama baba yake alivyopanga vifungo. Aligusa glasi moja moja kwa kalamu.

"Zote tatu ni maziwa ya ng'ombe mmoja, nimenunua jana sokoni. Zote nimetia chachu moja. Ya kwanza sikuongeza kitu. Ya katikati nimeongeza vijiko vitano vya yale maziwa yenu ya kwenye chupa."

"Yaliyoua."

"Yaliyoua. Nimeyachemsha kwanza dakika ishirini, kila kilicho hai ndani yake kimekufa. Na hii ya tatu nimeongeza vijiko vitano vya maziwa mengine yaliyochemshwa, usije ukaambiwa kuchemsha ndiko kulikoharibu. Sasa niambie wewe, afande. Kitu gani kinachemshwa, kinabaki, na kinaua chachu?"

"Siyo kiumbe."

"Siyo kiumbe."

"Dawa," Mukabera alisema.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatano, watoto kumi wa kituo cha kulelea watoto cha Dative, kule Nkanka, walikunywa kivuguto, maziwa ya mgando, cha saa nne kama kila siku. Jumamosi wanne kati yao walianza kuharisha damu. Wiki iliyofuata, wawili wakaacha kukojoa: Mucyo wa miaka minne na Isimbi wa miaka mitatu. Wote wawili walizikwa kabla ya Jumapili. Watu wakasema sumu. Nyuma ya jiko la Dative ilipatikana chupa ya dawa ya kupe, mali ya jirani yake Védaste, aliyekuwa akigombania naye mpaka wa shamba. Mukabera alimshikilia Védaste siku nne. Kisha majibu yakaja kutoka Kigali kwamba sumu hakuna. Védaste akaenda nyumbani bila kuombwa radhi, na Dative akabaki selo peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kikombe na wakubwa walihitaji mtu.

Kitu pekee kilichobaki cha siku ile kilikuwa chupa ya maziwa iliyokuwa mezani kwa Ridhwani. Kwenye kituo cha Dative, fungu la mtoto asiyekuja haligawiwi. Mtoto wa kumi na moja, Aimable, alikuwa na kikohozi siku hiyo. Fungu lake likatiwa kwenye chupa, likawekwa kwenye friji ya duka la jirani, likakaa humo mpaka polisi walipolichukua. Kikohozi kilimwokoa.

"Ndani ya chupa ulikuta bakteria wa kinyesi," Mukabera alisema. "Ulisema hivyo wiki iliyopita."

"E. koli, yule mbaya anayevunja figo za watoto. Lakini swali siyo yeye alifikaje. Yeye kila siku yumo. Ng'ombe analala kwenye mavi, maziwa ya kibuyu hayachemshwi, kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Kila siku anaingia, na kila siku anashindwa. Umewahi kujiuliza kwa nini?"

"Najiuliza sasa."

"Kwa sababu ndani mna wenyeji. Bakteria wa chachu wanakula sukari ya maziwa na kutoa ukali. Ule ukali ndio fimbo yao. Wanakula haraka, wanajaza nyumba, wanachachusha kila kona, mgeni anakosa chakula na pa kukaa. Kufika asubuhi amebaki mdogo kabisa, hana nguvu ya kumwangusha mtoto. Sasa tia penisilini humo, dawa wanayodungwa ng'ombe. Wenyeji wanakufa wote. Yeye E. koli, kwake penisilini ni maji. Anakuta nyumba tupu, chakula kimejaa, joto zuri. Saa moja haiishi amekuwa wawili, wawili wamekuwa wanne. Hesabu usiku mzima."

Mukabera hakuhesabu. Aliinua chupa yenyewe, iliyokuwa imebaki na kidole kimoja cha maziwa chini.

"Watoto waliopona wanasema yalikuwa makali. Mazito na makali. Kama wenyeji walikufa, ukali ulitoka wapi?"

Ridhwani alivua miwani. "Hapo ndipo nimekwama. Karatasi ya kupimia inasema kuna ukali. Darubini inasema hakuna aliyeutengeneza."

Alimimina mabaki kwenye kichujio kidogo cha waya. Madonge meupe yalibaki, na kati yake kitu chembamba, cha rangi ya majani makavu, kama punje ya mchele. Ridhwani alitaka kukitupa.

"Acha," Mukabera alisema.

Alikigeuza kwa ncha ya kalamu. Alikuwa amelea watoto watatu na kukamua ndimu kwa kila homa. Hakuhitaji darubini.

Akaifunga mbegu ile kwenye mfuko wa plastiki na kuandika tarehe.

Simu ya mkuu ilimkuta akishuka ngazi.

"Kwanza ilikuwa sumu," mkuu alisema. "Halafu ikawa maziwa. Sasa naambiwa bakteria. Kesho utaniletea nini, Mukabera, malaika?"

"Kesho nitakuletea jina."

"Jina ninalo. Amekaa selo namba mbili."

"Mpaka saa sita, mkuu. Ulisema saa sita."

Mkuu akakata simu.

Penisilini ya ng'ombe iliuzwa kwenye milango miwili tu mjini, na mmoja ulikuwa umefungwa tangu Pasaka. Ule wa pili, nyuma ya soko la Kamembe, ulikuwa wa Nzabonimpa, mzee mwenye koti jeupe lililokosa kifungo cha tumbo. Alikuwa akimuuzia mwanamke dawa ya minyoo ya mbuzi, na hakuacha.

"Mzee, nani wa Nkanka alinunua penisilini, wiki ile ya watoto?"

"Bantu beko mingi, afande. Mi nauza dawa, siuzi majina."

"Watoto wawili wamekufa."

"Kwa sumu. Redio ilisema."

"Redio haikupima. Nani?"

Nzabonimpa alimrudishia mwanamke chenji, akangoja atoke. Ndipo alipojibu, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Papa Mucyo. Ladislas. Alikuya siku ya Yenga, ile munaita Jumapili, kutoka misa, na kanzu ya kwaya ku mukono. Ng'ombe yake ilikuwa na chuchu moja imevimba, inatoa usaha. Nilimupa chupa na siringi. Nikamuonyesha pa kudunga, hapa ku shingo."

"Ulimwambia nini kuhusu maziwa?"

"Siku tatu hakuna muntu kukunywa, tangu sindano ya mwisho. Nilimuambia mara mbili. Mara mbili, afande. Aliitika."

"Sindano ya mwisho ilikuwa lini?"

"Ya Yenga jioni, ya kwanza. Na ya mwisho, Jumatatu."

Jumanne jioni ilikuwa zamu ya Ladislas kupeleka maziwa kituoni. Hilo lilikuwa limeandikwa kwa chaki ukutani kwa Dative, na Mukabera alilipiga picha siku ya kwanza kabisa. Alilipita. Nani angemwuliza baba wa marehemu? Ladislas ndiye aliyeongoza watu kuvunja mlango wa Dative. Ndiye aliyemleta kituo cha polisi akimburuta kwa mkono, na mkono huo wa Dative sasa ulikuwa umefungwa bandeji.

"Ni ile dawa yangu?" Nzabonimpa aliuliza.

Mukabera alimtolea karatasi. "Andika yote uliyosema. Na mara mbili zako uziandike."

Kama angetaka kusimama hapo, angeweza. Jina alikuwa nalo, na sababu, na shahidi. Dative angelala kwake usiku huo. Lakini mbegu ilikuwa mfukoni, na kwenye maelezo ya jirani mmoja kulikuwa na sentensi ambayo wiki nzima haikumwambia kitu.

Dative aliletwa chumba cha mahojiano saa saba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mpana, aliyezoea kuinamia watu wafupi. Alikaa akiweka mkono wenye bandeji juu ya meza kama kitu cha mwenzake.

"Umekula, Maman Dative?"

"Nimekula. Maharagwe yenu haina chumvi, lakini nimekula."

"Nina habari mbili. Ya kwanza ni nzuri. Siyo sumu, na naweza kuthibitisha. Maziwa yalikuja na dawa ya ng'ombe ndani yake. Hukuitia wewe."

Dative alifumba macho. Midomo yake ilitembea kidogo bila sauti.

"Nilisha kusema," alisema. "Tangu siku ya kwanza nilisha kusema, mi sikuua batoto ya bantu."

"Sasa nijibu. Jumatano asubuhi ulifungua kibuyu. Uliona nini?"

"Maziwa."

"Yameganda?"

"Iliganda."

"Jumatano jioni ulikwenda kwa jirani yako kuomba chachu. Nimesoma maelezo yake. Miaka kumi na moja watu wanakuja kuomba kwako, wewe hujawahi kuomba."

"Muntu anaweza kuishiwa."

"Haiishi, maman. Unaiacha chini ya kibuyu kila siku, unamimina mapya juu. Ilikuwa imekufa, na wewe ulijua imekufa."

Mukabera akatoa mfuko wa plastiki, akauweka mezani, upande wa mkono mzima.

"Hii imetoka kwenye fungu la Aimable."

Mama yule aliiinamia ile mbegu. Nje askari wawili walikuwa wakicheka kuhusu mpira. Wakapita.

"Nilichuja," alisema hatimaye. "Nilizania nilichuja yote."

"Niambie."

"Asubuhi ilikuwa sawasawa vile ilitoka kwa ng'ombe. Nilitikisa, hakuna. Nilinusa, haikuwa harufu yetu. Batoto balikuwa bamesha kukaa ku mukeka, bamama beko mulangoni banaangalia." Aliongea akiielekea meza. "Kibuyu ya mama yangu, afande. Tulitoka nayo Congo ku mugongo, juu ya nguo. Haiyakatalaka kugandisha hata siku moja. Kwetu kibuyu ikikatala, banasema mwenye kibuyu njo amekuwa na mukono mubaya. Banaondosha batoto yabo kwako, moja moja, bila kugomba. Nilisikia haya."

"Ukafanya nini?"

"Nilikamua ndimu. Ine. Ikakatika, ikakuwa nzito. Nilionja, nikaona ni kali. Nikasema, kali ni kali."

"Ukagawa."

"Nikagawa. Mucyo njo alianza, ilikuwa siku yake. Alimaliza, akaomba ya pili." Dative alivuta pumzi. "Nikamupa."

Mukabera aliandika. Alieleza kwa maneno machache, kwa kuwa alikuwa na haki ya kuelezwa: kwamba kuganda ndiko kulikokuwa kipimo, kwamba chachu inapofanya kazi usiku kucha inamfukuza yule muuaji, na isipofanya yeye anatawala, kwamba ndimu ilikuja asubuhi, nyumba ikiwa imekwisha tekwa, ikaficha tu.

"Kama ningemwanga maziwa yote?" Dative aliuliza.

"Watoto wangekaa na njaa ya saa nne. Basi."

Dative alisukuma ile mbegu mbali naye kwa kidole kimoja.

"Habari ya pili njo hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Shtaka la kuua kwa kukusudia nitaliondoa. Hili la ndimu siwezi."

"Andika tu, maman," Dative alisema, na kwa mara ya kwanza hakumwita afande. "Andika vile ilikuwa. Nitaweka sahihi na mukono ya kushoto. Ya kuume baliivunja."

Saa tisa pikipiki ilimshusha Mukabera Nkanka, juu ya migomba, mahali ziwa linapoonekana lote na halimsaidii mtu. Ladislas alikuwa zizini akikata nyasi. Mke wake alileta benchi, akalifuta kwa kanga, akaamkia kwa mikono miwili na kurudi jikoni bila neno. Alikuwa amevaa nyeusi.

"Mumesha peleka faili?" Ladislas aliuliza.

"Kesho."

"Bamufunge mpaka mwisho. Mi siombi kingine."

Mukabera alimtazama ng'ombe. Alikuwa mzuri, wa baka jeupe usoni, tumbo limejaa. "Chuchu ilipona?"

Panga lilisimama. "Ilipona."

"Ulimdunga Jumapili na Jumatatu."

"Ndiyo. Muntu wa dawa njo alinionyesha."

"Alikuambia siku tatu watu wasinywe."

"Aliniambia. Nami nilifuata." Ladislas aliweka panga chini, akaja karibu, na akaanza kueleza kwa vidole, kama mtu anayejua kazi yake. "Chuchu beko ine. Moja njo ilikuwa mugonjwa. Ile nilikamua pembeni, nikamwanga yote ku shimo. Hata tone sikupeleka. Nilipeleka ya zile tatu nzima. Maziwa mweupe, safi, hata weye ungekunywa."

"Ulidunga shingoni, Papa Mucyo. Dawa inakwenda na damu. Chuchu zote nne zinakula damu ileile."

Vidole vyake vilibaki hewani.

"Ilikuwa katika zote," Mukabera alisema. Kisha akamwambia yaliyobaki, bila kuzungusha: chachu iliyokufa, kibuyu kilichokataa, ndimu. Ladislas alisikiliza akimtazama ng'ombe, siyo yeye.

"Kwa nini hukuruka zamu? Siku moja tu."

"Kuruka?" Alisema kana kwamba ameulizwa kwa nini hakutembea uchi. "Siku ya zamu, mutoto wako njo anakunywa wa kwanza. Wengine banangoja mpaka amalize. Alikuwa anahesabu tangu Yenga. Kila asubuhi ananiuliza, papa, ni leo? Ningemuambia nini, ng'ombe yetu iko na usaha?"

Ng'ombe alitikisa sikio kufukuza nzi.

"Ni yeye ao ni miye?" Ladislas aliuliza.

"Ni nyinyi wawili."

"Bila ndimu yake?"

"Yangemwagwa."

"Bila sindano yangu?"

Ladislas alikaa kwenye benchi alilofutiwa mgeni. Alipoongea tena alikuwa ananong'ona.

"Andika yote. Nitaweka sahihi, sitakatala hata neno moja. Ile mukono yake pia nilivunja mimi, uandike. Lakini mama ya Mucyo asijue. Nakuomba, afande. Useme ni ya mukutano, ni ya kutoa ushahidi, useme kintu yoyote. Yeye asijue."

Mukabera alikuwa ameketi akielekea nyumba. Alikuwa amemwona mwanamke yule kitambo, amesimama kwenye mlango wa jiko na kifuniko cha sufuria mkononi, na hakujua alikuwa akisikiliza tangu neno lipi.

Sasa mwanamke aliweka kifuniko chini. Akaingia nyumba kubwa. Alitoka na koti la mume wake na viatu vyake vya kanisani, akavipanga mbele ya miguu ya Ladislas, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto.

"Vaa," alisema. "Afande iko na safari."

"Maman Mucyo," Ladislas alisema.

"Usiniite vile." Hakupandisha sauti. "Niko na jina. Naitwa Niyonshuti. Ulinikuta nayo kwa baba yangu."

Akarudi jikoni. Wakasikia anachochea kuni.

Mukabera alisimama, akaenda kungoja kwenye ua. Ladislas alivaa koti, akaingiza miguu. Kamba za kiatu cha kushoto zilimshinda mara ya kwanza, na ya pili. Alizifunga tena tokea mwanzo, ameinama, na hakuna aliyemwambia afanye haraka.